Lita Moja na Nusu Mgongoni

Mwanamke yule ana miaka sitini na mmoja, na kabla hamjaanza kumhurumia, kaeni mkijua kwamba hataki. Amekula chumvi nyingi, ndiyo, na magoti yanamlia kila akiinuka, lakini thubutu kumwambia "bibi, pumzika" uone atakavyokupa vidonge vyako. Wateja na majirani wanamwita Mama Turubai. Miaka arobaini sasa anashona maturubai ya malori na mahema ya kukodisha, kwenye karakana ndefu yenye sakafu ya saruji iliyosuguliwa na vitambaa mpaka ikang'aa. Kazi hiyo hufanywa kwa magoti, maana hakuna meza inayotosha turubai la lori, na harufu ya nta ya kupaka nyuzi haimtoki hata akioga mara mbili.

Mwaka juzi alishona mahema ya mashindano ya baiskeli za milimani, kwenye kilima kilicho nyuma ya mji. Akaenda kuyasimika mwenyewe, kwa sababu hamwamini mtu na kamba zake. Huko akamwona mwanamke mwenye mvi akishuka mbio, tope mpaka kwenye nyusi, anacheka peke yake. Basi, ikawa hiyo. Majirani walisema baadaye eti amelogwa, na wengine wakasema ni upweke wa mjane. Wala! Alitamani tu, kama wewe unavyotamani vitu. Mwezi haukuisha, akanunua baiskeli ya mtumba yenye matairi manene, akaanza kupanda kilima kila Jumapili asubuhi. Alianguka, akaanguka tena, akajipangusa, na hakumwambia mtu.

Mizunguko yake ilikuwa mifupi: saa moja, na ikizidi sana ni saa moja na nusu, juu mpaka kwenye tangi la maji la mji, kisha chini kwa njia ya mizizi. Tatizo lilikuwa kunywa. Chupa yake ilikaa kwenye fremu, chini ya magoti, na njia ile haikupi nafasi ya kuachia usukani. Tena mkono wake wa kushoto una vidole viwili visivyokunjika vizuri, zawadi ya sindano ya cherehani kubwa, kwa hiyo breki alizihitaji zote mbili na mikono yote miwili. Akawa anajiambia nitakunywa nikifika. Akifika anakuta chupa ilisharuka njiani, imelala kwenye majani huko nyuma.

Jumapili moja ya jua kali, kizunguzungu kikamshika karibu na tangi. Akakaa chini, akashindwa kusimama. Vibarua waliokuwa wanafyeka nyasi kando ya barabara wakampakia kwenye gari lao pamoja na mafyekeo, wakamshusha kwenye zahanati. Na nani alikuwa zamu? Binti yake mwenyewe, muuguzi, aliyevaa sare safi na kushika faili. Alimtundikia mama yake dripu mbele ya wenzake wote, chupa mbili nzima.

Maneno aliyaweka akiba. Kesho yake jioni alifika nyumbani kwa mama, akakaa kwenye ukingo wa kochi, simu mkononi imewekwa sauti ya juu ili kaka yake, anayeishi mji mwingine, asikike.

"Mama, baiskeli iuzwe," sauti ya kaka ikatoka kwenye simu. "Hata mteja nimeshampata. Mwenzangu wa kazini."

"Umempata mteja wa kitu cha nani?" Mama Turubai akauliza. "Ulikinunua wewe?"

"Mama, umri wako..."

"Umri wangu naujua. Nilikuwepo."

Binti alitaka kucheka akajizuia. Yeye si mtu wa kelele kama kaka yake. Ni mtu wa vipimo. Akasema, "Sikiliza, mama. Ulichoumwa si uzee. Ni kukosa maji. Nitakupa wiki tatu. Tafuta njia ya kunywa huku unaendesha. Jumapili ya tatu nikusubiri pale chini, upande na ushuke, unywe njia nzima. Ukiweza, mimi na kaka tunafunga midomo. Ukishindwa, baiskeli inauzwa, na hakuna tena habari za kilima."

Mama Turubai akaunyosha mkono wake wenye vidole vigumu. Wakashikana. Kwenye ukoo ule, ukishikana mkono umekwisha, huwezi kuja kesho na hadithi nyingine.

Sasa, kuna mikoba ya maji. Huenda mmeiona kwa waendeshaji: kibegi kidogo cha mgongoni, ndani kina mfuko laini unaojazwa maji, na mrija unaopita begani mpaka karibu na kidevu. Unauma ncha yake, unanyonya, mikono iko palepale kwenye breki. Mama Turubai alikuwa ameiona siku ya mashindano, akadhani ni dawa fulani ya wagonjwa. Jumanne akafunga karakana mapema, akaenda duka la vifaa vya michezo.

Muuza duka, kijana mwenye miwani na subira ya kutosha, alimuuliza swali la maana: "Mama, unaendesha kwa muda gani?"

"Saa moja. Saa moja na nusu nikichelewa kufa."

"Basi lita moja na nusu inakutosha kabisa. Chukua huu mdogo. Ukae juu mgongoni, ukubane vizuri."

Wee! Huyo alikuwa anamwambia Mama Turubai habari za vitambaa. Aliupindua mkoba ndani nje, akavuta mshono kwa kucha, akanusa mfuko wa ndani, akauma pindo kwa meno yake ya pembeni. "Aliyeshona hapa alikuwa na haraka," akasema. Kisha macho yakahamia kwenye mkubwa ulioning'inia juu, wa lita tatu, kitambaa kizito, mikanda mipana. Akauvaa. Ukamlegea mgongoni, ukacheza kushoto na kulia.

"Huo haukukai, mama," kijana akasema.

"Unaniachia kiganja."

"Kiganja gani?"

Akamwelimisha, akiwa amesimama katikati ya duka kama mwalimu. Turubai halikatwi sawasawa na lori. Ukikata sawasawa, mvua ya kwanza ikinyesha linasinyaa, pembe inafunguka, mzigo wa watu unalowa. Kwa hiyo kila upande unaacha upana wa kiganja. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na fundi wake akiwa msichana, na hivyo ndivyo alivyofanya miaka arobaini, na hakuna mfuko mmoja wa sukari uliolowa chini ya turubai lake. Kijana akajaribu kusema hiki si pamba, mama, hiki ni nailoni. Mama Turubai alishafika mlangoni na mkoba wake mkubwa.

Nyumbani akauloweka kwenye beseni ili usinyae. Akauanika. Haukusinyaa hata upana wa ukucha. Akauloweka tena kwa maji ya moto, akauanika tena. Hakuna kitu. Mara ya tatu akatia na chumvi, sijui kwa elimu gani, na mkoba ukatoka vilevile, mkubwa na mlegevu, sasa unanuka beseni. Mtu mwingine angeanza kujiuliza. Yeye alisema utasinyaa ukishapata jasho.

Jumapili ya pili akaamua wiki ya tatu ni ya nini. Akampigia binti: njoo uone leo. Binti akaja na viatu vya kazini, akasimama pale njia ya mizizi inapoishia, amekunja mikono.

Kupanda kulikuwa raha tupu. Mama Turubai alikanyaga, akanyonya, akakanyaga, akanyonya. Maji yalikuwa na ladha ya mpira na chumvi kidogo, lakini yalikuwa maji, na mikono yake haikuondoka kwenye usukani hata mara moja. Kwenye tangi aligeuza baiskeli akiwa na nguvu ambazo hakuwahi kuwa nazo pale juu. Alijiona ameshashinda.

Kisha akashuka. Kwenye kona ya tatu, ile yenye mizizi iliyotoka ardhini kama mishipa ya mkono wa mzee, gurudumu la mbele lilizama na kuinuka. Lita mbili na ushei zilizokuwa zinacheza mgongoni zikaruka mpaka shingoni, zikasukuma kofia ngumu ikamfunika macho. Mama Turubai akaingia kichakani bila kuona kichaka.

Binti alipofika juu mbio, alimkuta mama amekaa kwenye majani, kiwiko kinavuja damu, mrija unammwagia maji kwenye sikio.

"Umeshindwa," binti akasema. Alikuwa analia. "Tulishikana mkono, mama. Umeshindwa."

"Nimeshindwa leo. Jumapili ya tatu haijafika."

"Unataka niishi vipi? Kila Jumapili nikae nasubiri vibarua wakulete kwenye gari la nyasi?"

"Kaa, mwanangu."

"Sikai!"

"Basi simama hivyohivyo, lakini sikia. Baba yako tulimlinda." Mama Turubai aliifuta damu kwa kiganja. "Presha ilipompanda tulimkataza ngazi. Tukamkataza shamba. Tukamkataza kwenda kinyozi kwa miguu, tukamletea kinyozi nyumbani. Na mkatazaji mkuu nilikuwa mimi, si wewe wala kaka yako. Akatii kila kitu, maskini. Miaka sita ametii kwenye lile kochi unalokalia ukija. Na alipokufa, daktari akasema hakuna tulichokosea. Hakuna tulichokosea! Mimi ndiye niliyekuwa namwona asubuhi anavyoangalia mlango."

Binti alichutama kando yake. Alitoa bandeji kwenye mkoba wake, akafunga kiwiko, akakaza kuliko ilivyohitajika. Wakateremka kwa miguu wakiisukuma baiskeli, kila mmoja upande wake.

Jumatatu Mama Turubai aliingia karakana amenuna. Akautupa mkoba sakafuni, juu ya turubai la lori la mchanga, akaanza kuupima kama mtu anayetafuta mwizi. Mwenzake wa kazi, mama wa watoto wanne ambaye wameshona naye magoti kwa magoti kwa miaka kumi na tisa, alimwangalia kitambo, sindano mdomoni.

"Umeuloweka mara ngapi?"

"Tatu."

"Haukusinyaa?"

"Haukusinyaa. Kitambaa cha ajabu."

Mwenzake akatoa sindano mdomoni. "Dada, naomba nikwambie kitu, halafu unifukuze kazi. Wewe si lori."

"Nini?"

"Lori unaliachia kiganja. Wewe una mgongo mmoja, na haupati mvua ukafupika. Umejivalisha kama mzigo wa simenti."

Mama Turubai aliusukuma mkoba pembeni kwa goti. Alishona mchana kutwa, akavunja sindano mbili, na saa tisa alasiri akasikika anacheka peke yake, kicheko cha hasira, cha mtu aliyejishika mwenyewe anaiba. Akachukua mkoba, akatoka.

Muuza duka alipomwona akajua. Alikataa kuupokea ule mkubwa, na alikuwa na haki. Ulinuka beseni, na mikanda ilikuwa na nta, maana mikono ya Mama Turubai huacha nta popote inapopita. Akasimama pale akiwaza. Kisha akatazama nje, kwenye kivuli cha duka.

"Lile turubai lako la mlangoni limelegea. Mvua ikinyesha maji yanakaa katikati kama kwenye karai, sivyo?"

"Ndiyo, mama. Linanisumbua."

"Nikushonee jipya. Wewe unipe mkoba mdogo."

Kijana akakubali haraka mpaka Mama Turubai akajuta hakuomba na kofia. Lakini safari hii hakuchagua kwa macho wala kwa meno. Akaomba mikoba midogo yote mitatu iliyokuwepo ijazwe maji. Akavaa wa kwanza, akaruka. Pale pale dukani, kati ya mipira na raketi, mwanamke wa miaka sitini na mmoja anaruka miguu miwili pamoja. Wateja wawili wanaume wakaanza kucheka.

"Chekeni," akawaambia. "Mkimaliza mmoja wenu aje anifungie hiki kifungo cha nyuma."

Mmoja alikuja, ameona haya. Wa kwanza uligonga kiuno kila aliporuka, akauvua. Wa pili ulitulia, lakini mdomo wa mfuko wake ulikuwa mwembamba, mkono hauingii, na kitu kisichoingia mkono hakioshwi, na kisichooshwa kitaota ukungu. Akauvua. Wa tatu ulikuwa mdogo kuliko yote, lita moja na nusu, mkanda mmoja kifuani na mmoja tumboni. Akaukaza mpaka ukamshika kama mtoto anayeogopa kushushwa. Akaruka. Akainama, akajitikisa, akapiga magoti kama yuko kazini, akasimama. Mkoba haukusogea. Akageuza shingo, akauma ncha ya mrija bila kuishika, maji yakaja.

"Sasa huu unakubana kweli, mama," kijana akasema.

"Unanibana sana," akajibu. "Sijazoea. Nipe."

Alfajiri ya Jumatano alilifunga turubai jipya mlangoni mwa duka, ameliachia kiganja kila upande, maana lile lilikuwa turubai na mvua ilikuwa mvua.

Jumapili ya tatu binti alikuja na jagi la kupimia la zahanati. Simu ikaita kabla hata hawajasalimiana. "Mteja anauliza aje saa ngapi," kaka akasema.

"Mwambie akae kwao anywe chai," Mama Turubai akasema kwa mbali, akikaza mkanda wa kifua.

Binti alijaza mfuko mwenyewe mpaka kwenye alama, akaangalia saa yake. Mama akapanda. Wiki nzima miguu ilikuwa imemwuma na kiwiko kilikuwa bado kimefungwa, lakini alikanyaga, na kila alipohesabu hamsini aliuma mrija akameza mafunda mawili. Hakusubiri kiu. Kwenye tangi hakupumzika. Aligeuza, akashusha pumzi, akaachia breki.

Kona ya kwanza. Ya pili. Kabla ya ya tatu aliogopa, na hilo hakulificha baadaye, alimsimulia kila mtu. Gurudumu likazama, likainuka, mwili wote ukatikisika, na mgongoni kulikuwa kimya. Kitu kile kilikaa kama kilivyofungwa. Akapiga kelele moja isiyo na maneno, akatokea chini na vumbi lake, akasimama hatua tatu mbele ya binti yake.

Binti hakusema hongera. Akashika kwanza kifundo cha mkono, akahesabu mapigo, midomo ikicheza. Akamtazama ulimi. Kisha akaufungua mkoba, akamimina maji yaliyobaki kwenye jagi, akainama mpaka jicho likawa sawa na mstari. Kilichobaki hakikujaza hata kikombe kimoja. Alilishika lile jagi muda mrefu kuliko alivyohitaji kulisoma, na alipoinuka macho yalikuwa yamelowa.

"Sawa, mama," akasema. "Nimekuruhusu. Lakini Jumapili tu, na usizidishe saa moja na nusu, na ukisikia..."

"Hapana."

"Hapana nini? Umeshinda! Nimesema nimekuruhusu!"

"Nimesikia." Mama Turubai alichukua jagi, akanywa yale maji yaliyobaki, akalirudisha. "Maji nimekunywa kwa ajili yako, mwanangu. Nimetafuta huu mkoba kwa ajili yako, nimerukaruka dukani mbele ya wanaume kwa ajili yako, na nitakunywa kila Jumapili ili ulale usingizi. Hiyo ni haki yako, ulinipokea ukanitundikia dripu. Lakini ruhusa sikuomba. Nilikuja kukuonyesha."

"Mama, mimi naogopa."

"Najua unaogopa. Ile kona ya tatu mimi pia naiogopa. Ogopa tu, mwanangu, hata mimi nilimwogopea baba yako. Ila hofu yako ivae mwenyewe. Mimi nilimvisha yeye ya kwangu, akafa nayo mwilini."

Binti alisimama na lile jagi tupu. Simu ikaanza kuita tena mfukoni, ya kaka, na yeye akaiacha iite mpaka ikachoka. Akaufuta uso kwa mkono wa sare. Kisha akafungua chupa yake mwenyewe ya maji aliyokuja nayo, akamjazia mama mfuko hadi kwenye alama, akaufunga mgongoni, akakaza mkanda wa kifua kwa nguvu kama alivyokaza ile bandeji.

"Unakwenda wapi sasa?" akauliza, ingawa baiskeli ilishageuzwa.

"Juu," mama yake akasema, akapanda.